Maneno Arobaini kwa Dakika

Ujumbe ulimfika Nouf kazini, Jumapili, ambayo katika nchi hii ya Kiarabu ni siku ya kwanza ya kazi, saa nne asubuhi, akiwa anamhudumia mteja wa bima aliyegonga ukuta wa nyumba yake mwenyewe kwa gari lake mwenyewe. Skuli ilimpasha khabari kwa heshima zote kwamba binti yake Lamya, wa darasa la tatu, amesoma maneno kumi na moja kwa dakika, ilhali Sheria ya Kusoma inataka arobaini, na kwa hivyo jina lake limeingia katika orodha ya watoto wanaostahiki msaada. Nouf akausoma mara mbili. Neno "msaada" hakuliona. Aliona "orodha".

"Mama, fomu yangu," mteja akasema.

"Nnakuja," akasema Nouf, akaenda chooni kumpigia mumewe.

Mumewe, Sleiman, alikuwa mkuu wa kitengo katika ofisi moja ya serikali, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Na sheria hiyo, wiki mbili nyuma, yeye ndiye aliyeisambaza katika kikundi cha simu cha ukoo, watu mia na arobaini, kuanzia Sib ya hapa jirani mpaka Bujumbura. Aliandika: "Hii ndiyo sheria. Sasa watajulikana wazazi wanaolea na wazazi wanaofuga." Mashangazi wote waliipenda.

"Kuna makosa," alisema Sleiman kwenye simu. "Kumi na moja? Mtoto wangu?"

"Wako na wangu."

Sleiman akashusha sauti kwa sababu kijana wa faili alikuwa anapita. "Nani anajua?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza. Hakuuliza mtoto ana nini, wala amesomaje miaka miwili bila ya mtu kugundua. Aliuliza nani anajua.

Tusiseme uongo, sheria yenyewe ilikuwa nzuri. Aliyeiandika alikuwa na akili zake timamu, angalau katika ukurasa wa kwanza. Ilisema kila mtoto wa darasa la tatu apimwe kusoma Kiarabu cha vitabuni kwa dakika moja, na asiyefika maneno arobaini apewe chumba chake, mwalimu wake, na saa nzima kila siku, watoto wasizidi sita, mpaka aweze. Nani hamtakii mwanawe jambo kama hilo? Lakini ukurasa wa pili uliandikwa na mtu mwingine, nnahisi baada ya chakula cha mchana, ukasema kwamba skuli yenye zaidi ya mtoto mmoja katika kila kumi kwenye orodha itawekwa rangi ya njano na mkuu wake ataandikiwa barua. Basi hapo kila mkuu wa skuli akajua kazi yake ni nini.

Nyumbani kwao Ansab, kikao kilikaa mchana huohuo, mara baada ya wali. Bi Khole, mama yake Sleiman, mzaliwa wa Tabora, alikuwa kwenye kochi lake. Velma, Mkenya anayefanya kazi humo ndani mwaka wa nne sasa, alikuwa anaondoa sahani moja moja, polepole kuliko siku zote, kwa sababu khabari ilikuwa tamu.

"Hajui kusoma vipi," akasema Bi Khole, "na juzuu nzima ya Kurani anayo kichwani? Nnamsikiliza mwenyewe kila Ijumaa."

"Ile kahifadhi, mama," Sleiman akasema.

"Na kuhifadhi si kusoma? Sie chuoni kwetu, madrasani, tulihifadhi kwanza, herufi zikaja baadaye. Wengine hazijawajia mpaka leo, na ni watu wazima wanaheshimika."

Lamya akaingia na mkoba wake mgongoni, uso umemng'ara kama aliyerudi harusini.

"Baba, mie nimo. Tuko watano tu. Abla Nasriya kampa kila mtu mto wake wa kukalia, wangu wa kijani." Abla ndivyo wanavyowaita walimu wa kike.

"Nisikilize," Sleiman akasema. "Jambo hili usimwambie mtu."

"Nimeshawaambia wote. Na dereva wa basi nimemwambia."

Dereva wa basi alikuwa mtu wa Sib. Haikufika alasiri, shangazi yake Sleiman wa Sib akapiga simu. Alitoa salamu ndefu, akauliza hali ya kila mtu kwa jina mpaka Velma, halafu ndipo akasema, "Nnasikia mtoto ana matatizo. Poleni sana. Mpelekeni akapimwe masikio." Sleiman akajibu kwamba masikio ya mtoto ni mazima. "Basi macho," shangazi akasema kwa huruma kubwa, akakata.

Masikio ya Lamya yalikuwa mazima kupita kiasi, na hapo ndipo ilipokuwa balaa yote. Miaka miwili mtoto huyu alikuwa anamwacha jirani yake asome kwanza, kisha yeye anasema vilevile, neno kwa neno, kidole kikitembea kwenye ukurasa kwa adabu. Walimu wake wakamwandikia "mzuri sana". Abla Nasriya alikuwa wa kwanza kumpa ukurasa ambao hakuna mtu aliyeusoma kabla yake, na Lamya akautazama kama unavyotazama bomba lisilotoa maji.

Nasriya alikuwa mwalimu kijana, mkaidi, hajui kupamba maneno, na kwa hivyo walimpa chumba kile kidogo nyuma ya stoo. Alikata karatasi ngumu akaitoboa tundu moja, ukiiweka juu ya kitabu unaona neno moja tu, hakuna la mbele la kubahatisha wala la nyuma la kukumbuka. Lamya alilia siku mbili. Siku ya tatu alisoma neno zima peke yake, akalirudia mpaka wenzake wakachoka naye.

Wiki ya tatu, baba yake akimrudisha nyumbani mwenyewe, kwani basi la mtu wa Sib walishaliacha, walisimama kwenye taa za Bawshar. Lamya akakodolea macho bango la duka moja, akaanza kuvuta herufi moja moja. Taa ikawaka kijani, gari likaondoka, akageuza shingo, akapiga magoti kwenye kiti cha nyuma ili lisimpotee.

"Baba, kinyozi. Pale pameandikwa kinyozi."

"Enhe, vizuri," akasema Sleiman. Alikuwa anaongea na simu, na simu ilikuwa inamwambia kwamba mkuu wa skuli anawaomba yeye na mkewe wapite kesho, kwa khiyari yao, asubuhi. Neno la mtoto lilipita hivihivi. Ningekuwa ndani ya gari lile ningemnyang'anya simu ile.

Mkuu wa skuli, Bi Bashayer, aliwapokea kwa kahawa, tende na uso mkunjufu. Ukutani kwake palikuwa na kioo kikubwa cha kompyuta chenye duara moja tu la rangi ya njano. Lilikuwa halina maandishi, lakini yeye alilitazama kila baada ya sentensi moja, kama mtu mwenye mgonjwa chumba cha pili.

"Darasa la tatu lina watoto arobaini na wanane," alisema. "Kwenye orodha watano. Wangekuwa wanne, tungekuwa kijani. Mtoto mmoja tu, bwana Sleiman. Na nilipotazama majina nikasema, huyu binti wa watu wa heshima kafikaje hapa?"

"Na sie ndivyo tunavyosema," akasema Nouf.

"Sheria imempa mzazi haki ya rufaa ndani ya siku thelathini. Mtoto anapimwa upya. Haki yenyewe wazazi wengi hawaitumii, maskini."

Sleiman akakohoa. "Na atasomeshwa kipande gani?"

"Hiyo ni siri kubwa," akasema Bi Bashayer. Akafungua kitabu ukurasa wa thelathini na moja, akakiacha wazi mbele yao, akatoka kwenda kuleta kahawa, na birika la kahawa lipo palepale mezani. Nouf akatoa simu, akaupiga picha ukurasa. Sleiman akageukia dirishani, akatazama gari za walimu kwa makini, apate kusema mbele ya Mungu kwamba yeye hakuona kitu.

Ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa na kisa cha mfuga nyuki wa milimani, maneno sitini na mawili, nyuki wenyewe wakiingia kwenye mstari wa tatu.

Nyumba nzima ikahamia kwenye kisa hicho. Nouf alijirekodi akikisoma, sauti nzuri ya mtangazaji, ikawa inapigwa ndani ya gari kwenda skuli na kurudi. Bi Khole, ambaye kwa mara ya kwanza tangu ahamie Ansab aliona watu wamerudi kwenye akili zao, akamkalisha mtoto mbele yake kila alasiri: mie nnasema, wewe unafuata, mara saba, tunasonga. Lamya alikishika siku ya pili. Siku ya tatu alikisema huku anaruka kamba. Kitabu kilikuwa juu ya kabati la viatu na hakuna aliyekihitaji tena.

"Nikisema vizuri," Lamya alimuuliza mama yake, "nitabaki kwa Abla Nasriya?"

"Utatoka, inshallah."

Mtoto akafikiri. "Na nikikosea?"

"Hutakosea."

"Lakini mie nnataka kubaki. Hatujafika ukurasa wa tembo."

"Lamya, khalas, basi," Nouf akasema. Alikuwa anampenda binti yake, nnasema hili asije mtu akamdhani vingine. Alikuwa amechoka na kazi, amechoka na simu za Sib, na alikuwa amejishawishi kwamba jina likitoka kwenye orodha, na tatizo nalo litatoka, kama doa linavyotoka kwa dobi.

Jumanne alasiri, mkesha wa mtihani, Sleiman alikuwa anapita ukumbini akasikia kisa cha mfuga nyuki kinasomwa chumba cha pasi. Kilikuwa kinakwenda vizuri, hakina kikwazo, kila herufi mahali pake, hata kha na ghaini. Akasimama mlangoni na tabasamu la mzazi. Alikuwa ni Velma, anapiga pasi kanzu yake.

"Velma, wewe unajua Kiarabu?"

"Wapi, boss. Ni ile ya Lamya. Nimeisikia mpaka imeingia kwa kichwa."

"Unajua maana yake?"

"Hapana. Naskia tu kama kuna nyuki mahali, juu ya vile Lamya hufanya zzz akifika hapo."

Sleiman akacheka mpaka akashika mlango. Akamwita Nouf, Bi Khole akaja na fimbo yake, Velma akaombwa arudie, Sleiman akampima kwa saa ya simu. Sekunde arobaini na moja. Wakacheka tena wote, na Velma mwenyewe akacheka, ameshika pasi juu isije ikaunguza kanzu. Nouf akapiga hesabu: maneno tisini kwa dakika.

Halafu kicheko kikaisha, kwanza kwa Sleiman. Mbele yake alikuwa amesimama mtu asiyejua alifu wala be, na kwa mujibu wa sheria mtu huyo alikuwa msomaji hodari, mara mbili zaidi ya kiwango. Hakuna aliyemfafanulia. Alielewa mwenyewe, na usoni pakaonekana.

"Nouf," alisema, "tumwache tu? Akae kule mpaka mwisho wa mwaka. Juzi kwenye gari kama alisema kitu… kama alisoma kitu. Sikusikia vizuri."

Nouf aliizima kwanza saa ya simu. "Na barua ya rufaa umeshaitia saini," alisema. "Na ukoo umeshauambia kwamba yalikuwa makosa ya kompyuta."

Hilo la kompyuta Sleiman alikuwa amelisahau. Aliitazama kanzu yake kwenye meza ya pasi. Mtu huyu alikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Ilikuwa kazi ya kumpigia simu mwalimu, basi, na kuvumilia shangazi mmoja wa Sib.

"Ukosi huu haujakaa sawa," alimwambia Velma, akaondoka.

Lamya alikuwa nje ya mlango na kamba yake. Bi Khole akamshika mkono, akampeleka kwenye kochi, akamwambia kwa upole, "Mjukuu wangu, baba yako anaona haya mbele za watu. Wewe unataka baba aone haya?"

"Sitaki," Lamya akasema. Na kweli alikuwa hataki.

Jumatano mtihani ulifanyika ofisini kwa mkuu wa skuli. Nasriya alishika saa, kwa sababu sheria ilisema mwalimu wa msaada lazima awepo. Lamya alipewa ukurasa wa thelathini na moja. Aliutambua kwa picha ya mzinga.

Saa ikaanza kuhesabu. Sekunde tatu, nne, tano. Bi Bashayer akalitazama duara lake. Lamya alikuwa anamtazama Abla Nasriya, na Nasriya, Mungu amsamehe, alitazama saa, kwa sababu alijua akiinua macho atalia. Mtoto akainua uso, akakipata kitu ukutani cha kukitazama, akafungua mdomo, na mfuga nyuki akatoka mzima, kuanzia jina la mlima mpaka asali, kwa sauti ya mama yake na pumzi za bibi yake. Zzz hakuifanya. Alikuwa amekatazwa.

"Maneno tisini na matatu kwa dakika," Bi Bashayer alisema. "Mashallah."

Lamya alipotoka, Nasriya hakutoka.

"Hakusoma," alisema. "Macho yake hayakugusa karatasi."

"Fomu haiulizi macho."

"Mpe ukurasa wa thelathini na mbili. Wa mbele tu. Mie nitakaa kimya."

"Abla Nasriya, sheria inataka kipande kimoja. Unataka tuvunje sheria?"

"Mtoto alikuwa anaanza," Nasriya akasema. "Wiki nne zaidi, tano, angekuwa anasoma peke yake. Ukimtoa leo atarudi kule kule kwa jirani yake. Na anayo akili ya kujificha mpaka darasa la kumi."

Bi Bashayer hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza miaka kumi na sita, na watu wazima wa Bawshar mpaka leo wanamsimamisha sokoni kumshukuru. Alivua miwani, akaipangusa kwa shela, akaivaa. "Barua ya njano ikija," alisema, "kinachofungwa kwanza ni chumba chako. Hilo umeliona?" Kisha akasukuma fomu mbele ya mwenzake. Nasriya alikuwa na watoto wanne wengine. Akatia saini. Saa hiyohiyo duara ukutani likageuka kijani, na Bi Bashayer akashusha pumzi.

Ukoo ulipata khabari kabla ya adhuhuri. Sleiman aliandika idadi ya maneno na kumshukuru Mungu, watu wakampongeza kuanzia Sib mpaka Bujumbura. Shangazi alileta halwa mwenyewe, akamshika Lamya kidevu, akamgeuza huku na huku, akasema yeye tangu mwanzo alijua kwamba macho yake mazuri.

Alkhamisi Lamya aliachwa nyumbani ale halwa. Jumapili, kipindi cha tatu, alitoka darasani kama kawaida, akapita nyuma ya stoo, akafika kwenye chumba kidogo. Mlango ulikuwa umefungwa na juu yake pamebandikwa karatasi mpya ya majina. Mkaguzi alikuwa amepita Alkhamisi, akaagiza kila chumba cha msaada kionyeshe walengwa wake kwa uwazi.

Lamya hakubisha hodi. Hapakuwa na jirani wa kusema kabla yake, wala sauti ya mama kwenye gari. Aliweka kidole kwenye jina la kwanza, akalivuta herufi kwa herufi, midomo ikitembea. Loay. Akalirudia, akahakikisha. Hatem likamtoa jasho. Khattab alilianza mara tatu kwa sababu hakutaka kubahatisha, na kila mara alirudi mwanzo bila ya mtu kumwambia. Majina manne tu, na yalimchukua dakika nne nzima. La mwisho lilikuwa Safwan.

Bi Bashayer, aliyekuwa anapita na kompyuta yake kifuani, akasimama. Akamwona mtoto wa rufaa, kidole ukutani, anasoma kwa khiyari yake wakati wa kipindi. Moyo ukamjaa, na haukuwa moyo wa uongo. Akampiga picha kwa nyuma, akamtumia mama yake, na huko kwenye bima Nouf akamwonyesha kila aliyekaa karibu.

Lamya akageuka.

"Abla Bashayer, nimesoma yote," alisema. "Mie simo."

"Humo, mamaangu, alhamdulillahi," Bi Bashayer akasema, akampapasa kichwa, akamgeuza mabega, akamwelekeza darasani.